Buddy Guy jukwaani: nilienda kumuaga mzee, nikamkuta yuko kazini

Niseme mapema ili mwenye haraka apate jibu lake aende: kama Buddy Guy, yule mzee mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, anapiga mahali unapoweza kufika, kata tiketi. Wenye muda tuendelee maana nina mengi ya kusema na bado sijatulia.

Nilimwona 2023 huku Marekani, kwenye ile ziara yake ya kuaga aliyoiita Damn Right Farewell, na kiukweli niliingia ukumbini na moyo wa mtu anayeenda kutoa heshima. Mzee kazaliwa 30 Julai 1936, piga hesabu mwenyewe. Nikajisemea ataletewa kiti, atapiga nyimbo nne tano taratibu, vijana wa bendi watamfichia sehemu ngumu, sisi tutasimama tupige makofi tufute machozi, turudi nyumbani tukisema na sisi tulimwona. Na nilikuwa radhi kulipia hicho tu. Sasa mzee katoka na shati lake la madoadoa, kasogea kwenye maiki, kavuta uzi mmoja wa gitaa ukalia kama mtu anayeita, afu akauacha hapohapo juu unatetemeka, anatuangalia tu. Yale mambo ya kutoa heshima niliyasahau palepale. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Kwa asiyemjua, huyu ni mtoto wa wakulima wa pamba kutoka Lettsworth, Louisiana, kijijini kabisa. Gitaa lake la kwanza halikuwa gitaa, alikuwa anachomoa nyuzi kwenye wavu wa mbu wa madirisha ya mama yake anazifunga kwenye kipande cha ubao anapiga. Tarehe 25 Septemba 1957 akapanda treni kwenda Chicago, hana kazi hana ndugu wa maana huko, akafika mahali pa kukaa siku kadhaa bila kula, na aliyemnunulia mkate na salami akamwambia ale kwanza alikuwa Muddy Waters mwenyewe, mkubwa wa bluzi ya Chicago. Hii hadithi ameisimulia mara nyingi sana na kila akiisimulia unaona bado anaisikia ile njaa.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba huu muziki wanaouita bluzi-roki, wa magitaa yanayokwaruza na kulia kwa nguvu, huyu mzee alikuwa anaupiga kwenye vilabu vya Chicago kabla haujapata jina. Ila studioni walikuwa wanamkataza. Kampuni ya kurekodi muziki ya Chess iliyokuwa imemwajiri kupiga kwenye rekodi za wenzake iliona ule ukwaruzaji ni kelele tu, wakamtaka apige kistaarabu. Mwaka 1965 akaenda London, Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, akamwona jukwaani wakiwa watu watatu tu wakitoa sauti ya kujaza nyumba, na baada ya hapo Clapton naye akaunda bendi ya watu watatu. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa roki, naye alikuwa anamfuatilia, 1968 alimfuata New York kumsikiliza. Vijana wa Uingereza wakapata hela na zile kelele, na Buddy anasimulia kwamba baadaye Leonard Chess, bosi wa ile kampuni, alimwita ofisini, akainama, akamwambia ampige teke, maana alikuwa ameletewa huo muziki miaka yote hiyo na akaukataa. Mimi hiyo stori nilikuwa naijua kabla sijaenda, ila kuijua ni kitu kimoja na kusikia ile sauti yenyewe kwa masikio yako ni kitu kingine, kwa sababu ukiwa mle ndani unaelewa kwa nini fundi wa studio ya enzi zile aliogopa. Ile sauti haikai mahali pamoja. Unasikia ampu, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, inasukumwa mpaka mwisho, noti inaanza ikiwa safi, ikifika katikati inapasuka, ikiisha inabaki kama moshi.

Sasa nije kwenye huduma, maana hii ni riviu na watu wamelipa hela zao.

Tiketi nilikata mtandaoni na hapo nina kinyongo. Bei uliyoiona mwanzo siyo unayolipa mwisho, kuna ada ya huduma, ada ya ukumbi, ada ya kuchakata, zinajitokeza moja baada ya nyingine wakati umeshaingiza namba ya kadi na saa inahesabu kurudi nyuma dakika zako zinaisha. Kwangu zilifika karibu robo ya bei. Hilo siyo kosa la msanii wala la bendi, na sitawataja waliouza, ila nashauri ukiweza fika dirishani ukanunue kwa mkono, sehemu nyingi ada zinapungua.

Ukumbi wenyewe ni jumba la zamani la maonesho, viti vya kukaa, zulia jekundu, ghorofa moja juu. Wahudumu wa mlangoni walikuwa wapole sana, kuna mmoja alimshika mkono mama mmoja mzee akampeleka mpaka kwenye kiti chake huku watu nyuma tunasubiri na hakuna aliyelalamika. Kilichonikera ni sauti ya mwanzo. Bendi ya ufunguzi ilipigiwa vibaya, besi imevimba imekula kila kitu, dada anaimba tunaona mdomo tu. Nilianza kuogopa maana fundi sauti akiharibu bluzi hakuna cha kuokoa, huu siyo muziki wa kujificha nyuma ya taa na moshi. Ni vipimo kumi na viwili vya mapigo na kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, basi, duara linazunguka linarudi, kila mtu mle ndani anajua linakoelekea, kwa hiyo kinachobaki ni namna unavyolipiga. Sasa kama hiyo namna haisikiki umebakiwa na nini? Nashukuru alipoingia mzee kuna mtu alirekebisha, ndani ya wimbo wa kwanza kila chombo kikapata nafasi yake, kinanda kikasikika, na dramu zikawa kavu na karibu.

Alifungua na ule wimbo uliobeba jina la albamu yake ya 1991, Damn Right, I've Got the Blues, ile iliyompa tuzo ya kwanza ya Grammy akiwa na miaka hamsini na kitu baada ya muongo mzima ambao kampuni za Marekani karibu zote zilikuwa zimemsahau. Wimbo haujamaliza hata ubeti wa pili ukumbi mzima unaimba. Na sauti yake ya kuimba, jamani, watu wanasema gitaa gitaa, ila ile koo. Anapanda juu kabisa kwenye ile sauti nyembamba ya kanisani, anaikata, anashuka na kunguruma, na unaona mshipa wa shingo.

Sasa nataka niseme kuhusu kile kilichonifanya niandike haya yote. Kama kwenye wimbo wa tatu hivi, wa taratibu, bendi inatembea polepole, mzee akainua mkono kidogo tu, kama mtu anayemtuliza mtoto, na bendi ikashuka. Akainua tena, ikashuka tena. Mpiga dramu akaacha ngoma akabaki anagusa ukingo tu, tik, tik, mpiga besi anapapasa. Mzee mwenyewe akazungusha kile kitufe cha sauti kwenye gitaa mpaka chini, na akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye maiki. Na akaendelea kupiga. Akaendelea kuimba, bila maiki. Ukumbi una watu elfu kadhaa na nilikuwa nasikia kucha yake ikigusa uzi. Siyo kupitia spika, nasikia uzi wenyewe, ule wa chuma, kama mtu anapiga gitaa lisilo na umeme chumba cha jirani. Mtu wa safu ya nyuma yangu alikohoa na nilimsikia akijizuia. Kuna jamaa alipiga mluzi kule juu, mzee akaweka kidole mdomoni akatabasamu, kimya kikarudi kikiwa kizito zaidi. Sijui kilikaa muda gani, dakika moja, mbili. Halafu bila ishara yoyote niliyoiona mimi akakipandisha kile kitufe chote na bendi nzima ikaanguka kwenye ile noti kwa pamoja, na nilihisi kifua kinasukumwa.

Watu wengi wanadhani mpiga gitaa la solo anapimwa kwa kasi, noti ngapi kwa sekunde. Nimeshaona vijana wenye vidole vya ajabu, wanapiga noti mia unatoka hukumbuki hata moja. Huyu alitupigia noti kama sita kwa sauti ya kunong'ona na mpaka leo naweza kukuimbia zote. Na lile jambo haliwezekani kwenye rekodi. Kwenye simu yako ukisikiliza, sehemu ya kimya unaongeza sauti, umeshaharibu. Lazima uwe mle, na watu wengine mle, wote mmeshika pumzi, ndiyo linafanya kazi. Nadhani ndiyo maana kuna watu wanasema rekodi zake hazimtoshi, nakubaliana nao asilimia mia.

Baada ya hapo akashuka jukwaani. Hii nilikuwa nimeisikia kwamba huwa anatembea katikati ya watu, ameichukua kwa Guitar Slim, mpiga gitaa wa bluzi aliyemwona akiwa kijana kule Louisiana, yule alikuwa anaingia ukumbini kutokea mlangoni akipiga gitaa lenye waya mrefu kupita kiasi na mtu anamshikia waya nyuma. Siku hizi hakuna waya, mzee anatembea tu. Ila nilidhani kwa umri ule atafika safu ya kwanza arudi. Alikuja njia ya katikati mpaka nyuma kabisa, polepole, na njia nzima solo haijakatika. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni ya njia. Ushauri wangu mkubwa kwenye riviu hii yote ndiyo huu: ukikata tiketi chukua kiti cha pembeni ya njia, hata kama ni nyuma zaidi, usihangaike na safu ya kwanza katikati.

Alisimama labda mita moja kutoka nilipo. Vidole virefu, ngozi ya mkono imekunjamana, pete kubwa. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi kidogo sana kuliko sauti iliyokuwa inatoka, ndiyo kilichonishangaza, kidole kimoja kinausukuma uzi juu kama sentimita moja na vingine viwili viko nyuma yake vinausaidia, kifundo cha mkono kinazunguka kidogo, basi, na kutoka kwenye spika kule mbele inakuja sauti ya kulia. Mbele yangu alikuwa yule mama mzee aliyeshikwa mkono mlangoni. Mzee akamsogezea gitaa, akabana kodi kwa mkono wa kushoto, akamwonesha kwa macho kwamba piga. Mama akapitisha kidole kwenye nyuzi mara moja. Ikalia ukumbi mzima. Mama akajishika mdomo kwa mikono miwili na ukumbi ukalipuka, na mzee akamwinamia kama anamshukuru kwa kazi nzuri aliyoifanya.

Kuna watu watakwambia shoo yake ina utundu mwingi, na ni kweli. Anapiga gitaa kwa kijiti cha dramu. Anachukua taulo anazichapa nazo nyuzi na inatoka noti ya kueleweka kabisa. Analisugua gitaa tumboni kwenye shati. Anageuka anapiga nyuma ya mgongo. Kuna jamaa nilitoka naye alisema huo ni mchezo wa kuigiza. Mimi sikubali. Hayo mambo ndiyo yalikuwa yanampa mtu mkate kwenye vilabu vya Chicago ambako kila mtaa ulikuwa na mpiga gitaa hodari na watu wametoka kiwandani wamechoka, ukisimama tu unapiga vizuri hakuna anayekutazama. Hendrix aliyachukua haya haya na dunia ikayaita maajabu. Kwa hiyo akiyafanya mwenyewe, mwenye nayo, nakaa kimya natazama.

Lingine linaloudhi baadhi ya watu ni kwamba hamalizi nyimbo. Anaanza moja, ubeti mmoja, anasimama anapiga stori, anaonesha jinsi wakongwe wenzake wa bluzi walivyokuwa wanapiga, kidogo John Lee Hooker, kidogo B.B. King, kidogo Muddy, kidogo Clapton na wale vijana wa Uingereza, afu anarudi kwenye kitu tofauti kabisa. Kama unaenda na orodha ya nyimbo unazotaka kusikia mwanzo hadi mwisho utapata shida. Mimi mwanzoni nilitamani amalize, kuna moja niliipenda sana ikakatwa katikati. Ila kadiri muda ulivyokwenda nikaanza kuona anachofanya. Aliotuonesha karibu wote wameshakufa. Muddy alikufa 1983, Hooker 2001, B.B. 2015. Yeye ndiye aliyekaa nao meza moja na akabaki. Alivyokuwa anapiga ule mtetemo wa B.B., ule wa kama kipepeo, mikono yote ya dunia inauiga ila yeye ameuona kwa macho yake ukifanyika, na kila alipomaliza kumpiga mmoja alitaja jina lake kwa sauti, tukapiga makofi kwa huyo aliyetajwa. Baada ya kuelewa hivyo sikutaka tena amalize wimbo wowote.

Wazazi mjue tu kwamba mzee anaongea lugha ya baa, matusi yapo, hajifichi. Kulikuwa na watoto wachache na hakuna aliyekufa ila mjiandae.

Kuhusu lile gitaa la madoadoa, kuna mtu karibu yangu alikuwa anauliza kwa nini madoadoa kila kitu, shati na gitaa. Wakati anaondoka kwenda Chicago mama yake alikuwa amepata kiharusi, na ili kumtuliza akamdanganya kwamba anakwenda kutafuta hela nyingi na atarudi na Cadillac ya madoadoa. Mama alifariki 1968. Cadillac haikurudi. Ndiyo akatengenezewa Stratocaster, aina ya gitaa la umeme, ya madoadoa anayoishika mpaka leo. Nilikuwa nimeisoma siku nyingi ila pale alipoinyanyua juu kichwani mwishoni, watu wanapiga makofi, nilijikuta namfikiria yule mama badala ya mwanawe.

Jambo la muhimu la afya na sitaki mtu alipuuze: nenda na vizibo vya masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwamba kwenye kumbi wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na hiyo bado ni sauti ambayo masikio hayatakiwi kuivumilia usiku mzima. Mimi nilikuwa navyo, nikavivaa kwenye zile sehemu za moto na nikavitoa kwenye sehemu ya kimya. Nunua vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti yote sawasawa, maana vya sponji vinaua noti za juu na utabaki unasikia besi tu. Jirani yangu hakuwa navyo na wakati tunatoka alikuwa ananijibu kwa kupiga kelele.

Kama dakika tisini ndiyo urefu wa sehemu yake. Kuna waliosema fupi kwa bei ile. Mimi sioni hivyo, dakika tisini zile alisimama zote, kiti hakikuletwa, na hakuna hata solo moja aliyompa kijana wa bendi ili yeye apumzike, alipowapa aliwapa kwa sababu anataka tuwasikie, anasogea pembeni anawaangalia huku anatikisa kichwa.

Mwishoni hakuaga kwa hotuba. Bendi ilikuwa inaendelea kupiga, yeye akavua gitaa, akaja ukingoni mwa jukwaa na mfuko wa zile piki, vile vipande vidogo vya kupigia gitaa, akaanza kugawa, anainama anampa mtu mkononi, anasogea, mwingine, anarusha chache kwa wa mbali, anasaini anacholetewa, hana haraka. Bendi ikaendelea karibu dakika kumi yeye anagawa tu. Yule mama mzee alikuwa bado amekaa. Kijana mmoja aliyepata mbili alirudi njia nzima akampa moja, na mama akaifunga kwenye leso.

Ziara aliiita ya kuaga ila hajaacha kupiga. Ana klabu yake Chicago inaitwa Buddy Guy's Legends, ameifungua 1989, ipo barabara ya South Wabash, na kwa miaka mingi Januari ndiyo mwezi wake wa kupiga hapo mwenyewe. Klabu ni ndogo kuliko ule ukumbi wangu mara nyingi sana, kwa hiyo ile sehemu ya kimya hapo sijui itakuwaje. Tiketi za Januari huwa zinaisha upesi. Nimeshaweka kengele kwenye simu, na safari hii ninaenda na baba.